Muulize Bibi Shamba: Maua ninayo, vipepeo wako wapi?

Toleo lililopita niliandika mistari kama miwili hivi kuhusu maua ya kudumu yanayoita vipepeo, nikajua yameisha. Wapi! Meseji zimeingia mpaka simu ikawa inagoma kufunguka. Nimechagua chache maana nyingi zinafanana, na kabla sijaanza niwaombe jamani, mkinitumia picha ya mdudu mnitumie akiwa mzima, mdudu aliyeshakanyagwa na ndala mi simtambui.

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Niko Kimara, Dar. Nina bustani mbele ya nyumba mwaka wa pili huu, nimepanda mawaridi, bogenvilia rangi tatu, na ukoka ninaumwagilia mpaka bili ya maji inanitisha. Maua yanatoka vizuri tu lakini vipepeo hamna, wakipita wanapita juu juu kama ndege ya abiria. Jirani yangu ana kichaka cha majani hovyo ukutani na kwake wamejaa. Nakosea wapi? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako hajafanya kitu, na ndo siri yake hiyo.

Tuanze na maua yako. Kipepeo hatafuni, ana mdomo kama mrija ambao akiwa hautumii unajiviringa kama ile dawa ya mbu ya kuchoma, akitua kwenye ua anaukunjua anauingiza ndani anavuta mbochi, yaani ule utamu wa ndani ya ua. Sasa mawaridi ya siku hizi yamejazwa petali mpaka yamefungana kama kabichi, mrija utapita wapi? Na bogenvilia inadanganya kidogo, ile rangi unayoiona si ua, ni majani tu yaliyopakwa rangi, ua lenyewe ni kale kamrija kadogo keupe katikati. Ukoka ndo kabisa, kwa kipepeo anayetafuta mbochi ni sawa na zulia.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili, kipepeo jike haji kwako kunywa tu, anatafuta pa kuzalia, na hazalii popote. Kila aina ina jani lake, na mwanae akianguliwa kwenye jani lisilo lake anakufa njaa huku amezungukwa na majani. Siku ukipata nafasi muangalie jike anavyofanya, anatua jani hili anapigapiga kwa miguu ya mbele, anaruka, anatua lingine anapigapiga tena. Pale anaonja, ladha anaisikia kwa miguu. Sasa kwa jirani yako kwenye hayo majani hovyo wameonja wakakuta penyewe. Kwako wameonja waridi, na waridi nina uhakika linanuka dawa maana sijaona mwenye mawaridi asiyepuliza.

Ufanye hivi. Ondoa kipande cha ukoka, hata mita mbili kwa tatu inatosha, pale panapopigwa jua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa hivi. Jua ni lazima, kipepeo hana joto lake mwenyewe, asipoota jua mabawa hayamnyanyui. Weka pentasi, ile yenye vichane vya nyota ndogo ndogo, jina lenyewe limetokana na tano, hesabu ncha za nyota utaona. Hii ni ya kwetu, inaota porini Afrika Mashariki hii hii, Wazungu wakaipeleka kwao wakaizalisha rangi mbalimbali ikaturudia kwenye vifuko vyeusi kwa wauza miche wa barabarani. Nyekundu na pinki ndo zinajaza zaidi kwa uzoefu wangu. Usipande mmoja mmoja huku na huku kama nguzo za umeme, panda mitano pamoja, kipepeo akiwa juu aone doa kubwa la rangi.

Nyuma yake weka plambago, ya bluu mpauko, ile ambayo vikonyo vya maua vinanatanata kwenye nguo. Ina asili ya Afrika Kusini lakini huku imezoea. Kuna vipepeo wadogo wa bluu, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wanataga humo humo kwenye machipukizi ya maua.

Halafu mbele, usicheke, waache wale watoto wa kichaka cha jirani waingie. Nina uhakika mle ndani kuna ile yenye kiua cheupe chenye zambarau kama kengele ndogo, wengine wanaiita tikini, pwani watu wanachuma majani wanapika mboga. Hiyo inaishi mwaka hadi mwaka, ukiikata inachipua, na juu yake anazalia kipepeo mmoja mweusi mwenye duara la bluu linalowaka kwenye kila bawa la nyuma. Mkiona mtu mweusi mwenye taa mbili za bluu anaota jua kwenye simenti yenu asubuhi, ndo huyo. Muombe jirani mzizi mmoja, na umshukuru.

SWALI: Bibi shamba hujambo, mimi ni baba wa familia hapa Moshi. Mlimau wangu una mwaka na nusu, unashambuliwa na viwavi wanaotisha, wakubwa wa kijani, nikiwagusa wanatoa pembe nyekundu na harufu mbaya. Wadogo wao wako kama kinyesi cha ndege. Nipige dawa gani? Mke wangu ananiambia nitumie mwarobaini kwa sababu ni asili haina madhara.

JIBU: Sijambo baba, na wewe subiri kwanza, weka bomba chini.

Hao ndo vipepeo wenyewe. Hao ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano ya krimu, anaonekana mjini na kijijini, anapita haraka haraka hatulii hata akinywa mabawa yanatetemeka. Mama yao anataga yai moja moja kwenye jani changa la mlimau, mndimu, mchungwa, yai la njano mpauko dogo kuliko kichwa cha pini ya nywele. Akianguliwa anakuwa wa kahawia na mabaka meupe, anakaa juu ya jani peupe kabisa bila kujificha, na ndege anampita maana nani anataka kula mavi. Akikua hawezi tena kujidai kinyesi, ni mkubwa mno, ndo anabadilika anakuwa wa kijani na vimichirizi anafanana na jani. Na ukimgusa ndo zinatoka hizo pembe laini nyuma ya kichwa kama ulimi uliogawanyika, harufu kali, ni vitisho tu, hang'ati hachomi. Mi huwa nawachokoza makusudi nikiwa na wajukuu, wanakimbia mpaka jikoni.

Sasa dawa. Mwarobaini ni asili kweli, na sumu ya nyoka nayo ni asili. Mwarobaini unamvuruga kiwavi asile, asijivue ngozi, anakufa vizuri tu. Kwa mboga zako sawa, kwa bustani unayotaka vipepeo hapana. Na za dukani ndo usiseme. Mi mwenyewe zamani nilipuliza mlimau wangu dawa niliyouziwa nikaambiwa inaua wote, na kweli ikaua wote, nyuki, vunjajungu, buibui, nikafurahi siku mbili tatu. Haikupita muda mlimau ukajaa vidukari mpaka majani yakawa yananata na kuota masizi meusi, kumbe waliokuwa wanavila vidukari ndo nimewafagia.

Mlimau wa mwaka na nusu ni mchanga, hapo una haki ya kuogopa, viwavi kumi wakubwa wanaweza kuuacha vijiti. Kwa hiyo wahesabu. Acha wawili watatu, wengine wahamishe kwa jani lao lote, kata jani na kiwavi wake uliegeshe kwenye mlimau mkubwa wa mtu au mchungwa wa shuleni, atahama mwenyewe. Usimpeleke kwenye mwembe kwa huruma, atakufa. Na mwezi huu panda mndimu mwingine kwenye ndoo kuukuu, mbegu tu ya ndimu uliyokamua kwenye supu, huo uwe wa viwavi, kila ukimkuta kwenye mlimau wa kula unamhamishia kwake. Kwangu umefika miaka saba haujawahi kuzaa ndimu hata moja na sijawahi kuudai.

Mwenye shamba la michungwa ya biashara kule Muheza asinisome vibaya, yeye kitaluni kwake awaokote, hesabu yake ni nyingine.

SWALI: Sasa Bibi Shamba. Mimi naishi Rongai, Nairobi, nyumba ya kukodi third floor, nina kabalkoni kadogo tu. Si hata vipepeo wanaweza kufika huku juu ama ninajisumbua bure? Landlord hataki mitungi mingi.

JIBU: Poa mwanangu wa Rongai. Wanafika, ghorofa ya tatu si kitu kwao, shida ni upepo, ukivuma sana hawatui. Weka ndoo mbili tu za lita 20, zitobolewe chini, moja pentasi, moja hilo la tikini au huo mndimu wa viwavi niliomwambia baba wa Moshi. Ziwe pembeni penye ukuta wa kuzuia upepo, na jua lifike angalau nusu siku. Kama balkoni yako inaangalia upande usiopata jua kabisa basi nisikudanganye, panda kitu kingine. Usisahau kumwagilia, mmea wa kwenye ndoo unakutegemea wewe tu, na mmea wenye kiu hautoi mbochi, ua utaliona lakini ndani pakavu.

SWALI: Bibi shamba, fundi wa bustani kaniuzia miche ya lantana, kasema hakuna ua linaloita vipepeo kama hilo. Nina mbuzi wanne hapa Dodoma, shemeji yangu kaniambia niing'oe haraka. Nimsikilize nani?

JIBU: Shemeji.

Fundi hajasema uongo, vipepeo wanaipenda lantana kweli kweli, ile yenye vichane vya pinki na njano, majani yanakwaruza na ukiyasugua yananuka. Ila ni mgeni kutoka Amerika ya kitropiki aliyeingia sebuleni akakaa, akaita na ndugu zake. Tunda likiiva jeusi ndege wanakula wanaenda kupanda mbegu kwenye shamba la mtu, malisho yanageuka vichaka vya miba. Na mbuzi au ng'ombe akiila kwa wingi ini linaharibika, halafu ngozi inashindwa kuvumilia jua, utaona masikio na pua zinababuka kama kaungua. Mbuzi mwenye shibe ataipita, ila kiangazi cha Dodoma mbuzi ana shibe gani? Ing'oe na mizizi, zile zenye matunda zichome. Hiyo nafasi weka pentasi, na kama una mahali pakubwa nyuma ya zizi panda msena wa maua ya njano, kuna vipepeo weupe na wa njano wanaozalia kwenye misena, kuna misimu utawaona wanapita makundi kwa makundi wote wanaelekea upande mmoja.

Na alizeti pori, ile ndefu ya njano ya kandokando ya barabara za milimani, naulizwa sana. Naye ni mgeni, kwao Meksiko. Kama iko tayari kwako kata majani yake tengeneza mboji, mboji yake ni tamu sana kwa mimea, lakini usiipande upya.

SWALI: Shikamoo. Sisi Bukoba viwavi vinamaliza viazi vitamu, matembele yote yamebaki mishipa, nikasoma ulivyosema viwavi ni vipepeo. Ina maana niwaache watoto wangu wakose mboga ili wewe uone vipepeo?

JIBU: Marahaba, na umenipata hapo. Hapana, usiache. Huyo wa matembele namjua, mzazi wake ni kipepeo wa rangi ya chungwa iliyofifia na kingo nyeusi, sio mkubwa, na viwavi wake wana miiba miiba mwilini. Huyo ni adui wa shamba hasa huko kanda ya Ziwa na nchi jirani. Uzuri wake, wakiwa wadogo wanakaa pamoja kwenye jani wamejifunga na utando, kama familia ndani ya chandarua, kwa hiyo ukipita shambani kila baada ya siku tatu nne ukachuma majani yenye utando ukayazika au ukayatia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, umemaliza kundi zima kwa mkono mmoja bila dawa. Ukichelewa wanatawanyika, mchana wanajificha chini wanakula usiku, hapo ndo utawalaani. Waliosema ukipenda boga upende na ua lake hawakuwa na matembele.

SWALI: Bibi shamba, nimekuta chini ya mwembe hapa Tanga vipepeo wakubwa kabisa, wanene, wana mikia miwili miwili nyuma, wamekaa juu ya maembe yaliyooza, na siku nyingine nikawakuta juu ya kinyesi cha mbwa. Uzuri wote ule! Wana ugonjwa? Na kwenye maua yangu hawaji.

JIBU: Hawana ugonjwa, wana ladha zao. Wale wanene wenye mikia si watu wa maua, wao ni watu wa kilabuni, wanataka tunda lililochacha, utomvu unaovuja kwenye mti, na ndio, kinyesi pia, wanavuta chumvi na virutubisho ambavyo kwenye mbochi havipo. Hata wale wa maua utawakuta wamejipanga kwenye tope la bombani, ni chumvi hiyo hiyo, na wengi ni madume.

Ukiwataka usihangaike na maua. Chukua ndizi mbivu zilizopitiliza, ziponde na ganda lake, ziache kwenye kopo siku mbili tatu mpaka zinuke kama mbege, halafu ziweke kwenye sahani ya zamani uitundike kivulini kwenye tawi. Paka mafuta ya gari kwenye kamba la sivyo siafu na sisimizi watakuwahi. Nenda taratibu usitie kivuli chako juu yao, wakishalewa kidogo unaweza kusogea ukamuona macho. Na mbwa asikuone unamuibia wageni wake.

SWALI: Nasikia watu wanafuga vipepeo wanauza nje kwa dola. Nina robo eka Muheza na sina kazi. Nianze na maua gani?

JIBU: Kijana, ulichosikia kipo, lakini usianze na maua, anza na karatasi.

Kule Gede pwani ya Kenya kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanapanda mimea ya viwavi, wanalea viwavi kwenye vyandarua mpaka wawe pupa, yaani kiwavi aliyejifungia kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo, na pupa ndo inayosafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kwanini pupa? Kwa sababu haili, hairuki, haikojoi, unaifunga kwenye pamba kama yai. Ila ina saa inakimbia ndani, ikichelewa njiani mteja anafungua boksi anakuta vipepeo waliokunjika mabawa. Kilichonifurahisha kwao ni kwamba mama wa kipepeo na mbegu za mimea vinatoka msituni, kwa hiyo aliyekuwa anauangalia msitu kama mkaa akaanza kuuangalia kwa jicho lingine.

Kwetu Amani, Usambara Mashariki, si mbali na wewe, walifanya hivyo hivyo na wakasomesha watoto. Lakini mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo naye akahesabiwa humo, wafugaji wakabaki na vizimba. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize hali ya vibali ikoje leo, na uwatembelee waliofanya Amani wakwambie yote, mazuri na machungu. Mtu yeyote atakayekuuzia kozi ya kutajirika na vipepeo kwenye simu mpe pole.

Kama ni watalii wa kuja kuangalia hapo hapo, hilo ni jambo lingine, Zanzibar pale Pete karibu na Jozani wana kituo cha namna hiyo, kakione kwanza.

SWALI: Bibi shamba habari za huko nyumbani. Niko Columbus, Ohio, miaka sita sasa. Nilinunua maua yameandikwa ya kudumu, baridi ilipokuja yakafa yote, nikaenda kuyang'oa nikatupa. Mwenzangu Mkongo ananicheka. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa mwanangu, umejiibia. Huku kwetu mmea wa kudumu ni ule unaouona mwaka mzima, umepunguza majani kiangazi lakini upo. Huko ya kudumu maana yake juu inakufa kabisa, chini mzizi umelala, theluji ikiyeyuka unarudi. Umetupa watu wamelala.

Mwaka huu tafuta asklepia ile ya maua ya chungwa inayoota porini huko huko, na ekinasia ya zambarau. Asklepia ndo chakula pekee cha viwavi wa yule kipepeo wenu maarufu, monaki, anayesafiri mpaka Meksiko kukwepa baridi. Mbegu zake zitie ardhini kabla ya baridi kuingia, wala usizionee huruma, zinahitaji hiyo baridi ndo ziote. Na nikwambie kitu cha kukupunguzia hamu ya nyumbani, monaki ana ndugu yake wa damu huku, wa chungwa vile vile na ncha nyeusi zenye madoa meupe, viwavi wake wana mistari ya nyeusi, nyeupe na njano, wanakula ule mmea wa porini wenye tunda kama puto lenye vinywele na utomvu kama maziwa. Ule utomvu ni sumu, kiwavi anauhifadhi mwilini mpaka ukubwani, ndege akimla anatapika hamrudii tena. Mpaka kuna kipepeo mwingine asiye na sumu yoyote, jike lake limevaa nguo zile zile za chungwa ili liogopwe, na dume lake wala halifanani nalo, jeusi na madoa makubwa meupe yenye ukingo wa zambarau, ukiwakuta pamoja utakataa kwamba ni mke na mume. Ukiukata mmea wa namna hiyo, wa huko au wa huku, nawa mikono na usijipanguse macho, utomvu ukiingia jichoni ni hospitali.

SWALI: Pentasi zangu za miaka mitatu zimekuwa na miti mitupu chini, maua machache juu. Nimeongeza mbolea ya dukani hakuna mabadiliko. (Morogoro)

JIBU: Acha mbolea, chukua mkasi. Pentasi ikizeeka inakuwa mti, kata theluthi moja mvua zikianza itachipua. Ikiwa imekongoroka kabisa kata vipandikizi, ncha changa isiyo na ua, urefu wa kidole cha kati, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kivulini, uwe unyevu usiwe tope. Wiki tatu nne ukivuta kidogo ikigoma kutoka ujue imeshika. Kuku wafungie, maana kuku wa kienyeji anachakura miche na kiwavi kwake ni tambi.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu anauliza vumbi la kipepeo linapofusha? Bibi yake kamwambia asishike. Na kipepeo akiingia ndani ni kweli mgeni anakuja?

JIBU: Halipofushi, lile vumbi ni magamba madogo madogo kama vigae vya paa, ndo yanayompa rangi. Ila bibi yuko sahihi asishike, kila akishika anamng'oa vigae. Kuhusu mgeni, kwangu ameingia juzi na nikachemsha chai ya ziada, hakuja mtu, nimeinywa mwenyewe.

SWALI: Bibi shamba ni mimi tena wa Moshi, yule wa viwavi, nakuandikia haraka. Niliacha watatu kama ulivyoniambia kwenye meseji. Mmoja kajifunga kwenye kijiti na uzi kiunoni kama fundi wa nguzo, akawa pupa ya kijani, sasa wiki mbili na siku tatu. Leo jioni imekuwa nyeusi. Imekufa? Watoto wanalia.

JIBU: Nilimjibu huyu usiku ule ule lakini naweka hapa kwa faida ya wengine. Baba, ukiangalia kwa tochi kwa pembeni, weusi wake una madoa ya njano kwa ndani? Kama yapo, hajafa, hizo ni rangi za mabawa zinaonekana kwa kupitia ganda, anatoka kesho asubuhi. Kama ni nyeusi ya kulegea na inanuka hapo kweli imekufa, na kama ina kitundu cha duara kama kimetobolewa na sindano basi kuna nyigu mdogo alimuwahi.

Waamshe watoto saa kumi na mbili. Akipasua ganda atatoka amekunjamana mabawa kama kitambaa kilicholowa, msimsaidie hata kama anahangaika, msimvute, acha apande kijiti aning'inie, anasukuma maji ya mwili kwenye mabawa yanyooke, na hapo atakaa saa moja au zaidi anajikausha. Atadondosha matone chini, waambie watoto mapema wasishtuke, ni uchafu aliokaa nao ndani. Na kuku, baba. Fungia kuku kwanza.